Mlishaji wa Mbu

Siku ya kwanza ya kazi yake ya likizo, Darweshi bin Sheshe aliambiwa akunje mkono wa shati mpaka begani. Alikunja kwa furaha, maana alidhani anakwenda kunawa kabla ya kukabidhiwa hadubini. Kwa mwaka mmoja na nusu chuoni Dar es Salaam alikuwa akichungulia hadubini moja na wenzake wengi, kila mmoja akisukumwa kiwiko na anayemfuata. Hapa maabara, mlimani juu ya kijiji chao cha Kwembuzi, watu walikuwa wachache, na hadubini ilikuwa pale juu ya meza, imefunikwa kitambaa cheupe mithili ya bibi harusi.

"Huo wa kushoto unatosha," alisema Bi Secilia. "Wa kulia utautumia kuandikia."

Bi Secilia ndiye aliyekuwa akiisimamia maabara, mama wa makamo mzaliwa wa Rangwi, aliyelelewa na masista, na hakupenda maneno mengi. Alimpitisha Darweshi mbele ya hadubini bila kusimama, akamwingiza katika chumba cha nyuma chenye mapazia meusi. Juu ya stuli palikuwa na kizimba cha mbao kilichowambwa chandarua, na ubavuni mwake kulikuwa na tundu lenye mkono wa kitambaa kama wa kanzu. Ndani yake kulikuwa na mlio mwembamba ambao kila mtu wa bondeni anaujua, na watu wa milimani huusikia wakishuka kwa jamaa zao.

"Ingiza mkono," alisema Bi Secilia.

"Nifanye nini humo, mama?"

"Uwalishe."

Darweshi alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Basi Bi Secilia akamweleza. Hawa walikuwa mbu wa Muheza, na Dakta Yohane, mwenye utafiti, alitaka kujua kama mbu wa joto akipandishwa mlimani kwenye baridi ataweza kutaga kama anavyotaga kwao. Akiweza, malaria itapanda mlima siku moja, na heri Serikali ijue mapema. Lakini mbu jike hatagi mpaka anywe damu, na damu lazima itoke mahali.

"Hakuna sungura?" aliuliza Darweshi.

"Tuliwaletea sungura. Walimtazama tu. Hawa wamezoea watu."

"Na wewe, mama?"

Bi Secilia alikunja mkono wake mwenyewe. Ulikuwa umejaa makovu kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. "Nimewalisha wenzao miaka miwili huko Muheza. Sasa mwili umewakataa, mmoja akiniuma navimba kama gimbi. Daktari wa hospitali kanikataza. Mlinzi nilimwomba, akasema kaajiriwa kulinda, hakuajiriwa kuliwa. Ndiyo maana tukaomba msaidizi kutoka chuo kikuu."

"Lakini mimi nimefunga, mama. Leo ni Ramadhani."

"Humo ndani huli kitu," alisema Bi Secilia. "Unaliwa tu."

Darweshi akakisogelea kizimba. Akaingiza mkono. Kwanza hapakutokea kitu, halafu wakaja wote kwa pamoja, kama watu waliosikia kwamba sukari imefika dukani. Alitaka kuuchomoa, Bi Secilia akaushika begani.

"Usitikisike. Na usijikune."

"Hata kidogo?"

"Ukijikuna utawaua. Kila mmoja hapo ni kazi ya Dakta."

Kwa hiyo mwanafunzi wa kwanza wa chuo kikuu kutoka Kwembuzi alisimama gizani, macho kayafumba, akitafuna midomo, na mama wa Rangwi amemshikia saa. Alipotoka, mkono ulikuwa umeumuka kama andazi. Alipopita karibu na hadubini aligusa kitambaa kwa ncha ya kidole, na Bi Secilia akakohoa.

* * *

Kama angewaambia ukweli nyumbani jioni ile, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini Mzee Sheshe, baba yake, alikuwa amekwisha kuharibu mambo. Mzee Sheshe alikuwa mkulima wa kabichi na karoti, na pia muadhini wa msikiti wa Kwembuzi, mwenye sauti ya kuvuka mabonde mawili. Sauti hiyo hakuitumia kwa adhana peke yake. Tangu barua ya maabara ilipofika, alikuwa amewatangazia watu sokoni, kisimani na kwenye mkutano wa TANU kwamba mwanawe amechukuliwa na Serikali kutazama ndani ya vitu visivyoonekana.

Kwa hiyo jioni ile, baada ya kufuturu, majirani walikuwa wamejaa uani. Mmoja alikuja na jino, mwingine alikuja na mbuzi asiyekula. Darweshi akawaeleza kwamba yeye si daktari wa namna hiyo, na wote wakakubali kwamba huo ni unyenyekevu wa wasomi. Yule mwenye mbuzi alisema hana haraka, atarudi kesho.

"Haya, waeleze wazee," alisema Mzee Sheshe. "Leo umeona nini kwenye kile kioo?"

Darweshi aliwatazama wazee. Alimtazama mama yake, Mwanaidi, aliyeketi mlangoni akimnyonyesha Amina, kitinda mimba wake, na uso umejaa fahari. Mkono uliofichwa ndani ya shati ulikuwa ukimwasha kiasi cha kutoa machozi.

"Nimeona mbu, baba," alisema. "Ndani ya kioo mbu ni mkubwa kama kuku. Ana manyoya miguuni."

"Subhanallah!" walisema wazee.

"Na mbu huyo anafanywa nini?" aliuliza Balozi Mbaraka, balozi wa nyumba kumi, ambaye tangu Azimio la Arusha litangazwe mwezi wa pili alikuwa akiuliza kila jambo linafanywa kwa faida ya nani.

"Anachunguzwa, Ndugu Balozi. Mimi ndiye ninayemchunguza."

Uongo mtamu una shida moja, kwamba watu huja kuomba mwingine. Kila jioni Darweshi ilimpasa kuona kitu kipya ndani ya hadubini ambayo hajawahi kuivua kitambaa. Kila asubuhi, saa tatu kamili, aliingiza mkono kizimbani. Aliwahi kumwomba Bi Secilia kazi hiyo ifanyike jioni baada ya kufuturu, kwa kuwa hata huko kwao Muheza mbu hawa huuma usiku. Bi Secilia alikataa. Dakta alikuwa ameagiza saa tatu, gizani kwa mapazia, na maabara hufungwa saa tisa. "Utafiti ni kama sala yenu," alisema. "Una wakati wake."

* * *

Aliyemwaga mtama ni Mwajuma, mke wa Balozi. Alikuwa akipeleka maziwa maabara, na asubuhi moja hakumkuta mtu mlango wa mbele, akazunguka nyuma. Pazia lilikuwa limeachia mwanya. Alichokiona aliwaeleza watu wote wa Kwembuzi kabla ya adhuhuri: mtoto wa Sheshe kasimama gizani, kafumba macho, anatoka jasho, mkono kauingiza ndani ya sanduku, na yule mama wa Rangwi kashika saa mkononi.

"Wanamnyonya damu," alisema Mwajuma. "Saa ni ya kupima wamekunywa kiasi gani."

Ilipofika alasiri, damu ya Darweshi ilikuwa inauzwa kwa tone. Ilipofika magharibi, ilikuwa inapelekwa Ulaya kwa meli. Mwenye jino alisema yeye alishangaa tangu siku ya kwanza, maana kijana alikataa kumtazama mdomo, na mtu asiyetaka kutazama mdomo ana jambo.

Nyumbani kwa Mzee Sheshe watu walisema Kishambaa. Lakini mzee alipokasirika sana alihamia Kiswahili, kwa sababu kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya mahakama. Usiku ule, baada ya tarawehe, alianza kwa Kiswahili tangu mlangoni.

"Darweshi. Kunja shati."

Darweshi akakunja. Mwanaidi alisogeza kandili, akaona mkono, akasema "Uwi!" akaziba mdomo.

"Ni mbu, baba," alisema Darweshi. "Lakini ni mbu safi. Wamezaliwa ndani ya maabara huko Muheza, hawajamuuma mgonjwa yeyote. Hawana malaria."

"Sikukuuliza habari za usafi wao. Umefunga?"

"Nimefunga, baba."

"Na hao mbu nao wamefunga?"

Darweshi alitazama chini. "Hapana, baba."

"Wanakula saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Saa tatu asubuhi!" Mzee Sheshe aliwageukia mashahidi ambao hawakuwapo. "Mimi napanda juu ya jiwe usiku, nawaamsha Waislamu wale daku, wajizuie mpaka magharibi. Jua likitoka, mwanangu mwenyewe anageuka kuwa daku ya mbu. Je, funga hiyo ipo au haipo?"

"Sijui, baba. Chuoni hawakutufundisha."

"Basi huendi tena mpaka ijulikane."

Darweshi alitaka kusema kwamba kazi haina likizo, kwamba msaidizi atakayefaa ndiye atakayeitwa tena likizo ndefu na kuandikiwa maneno mema chuoni, na kwamba asiyefaa ataandikiwa pia. Lakini alikuwa amedanganya wiki nzima, na mwongo akishikwa hana haki ya kuomba. Akakunjua shati, akaenda kulala na kujikuna.

* * *

Kesho yake ilikuwa zamu yao ya futari. Kwembuzi ilikuwa na desturi yake: kila jioni ya Ramadhani nyumba moja huwapikia wanaume wote waliosali magharibi msikitini. Zamu ya Sheshe ilipangwa tangu Shaabani. Mwanaidi alipika kutwa nzima, Amina mgongoni. Alipika magimbi, maharage ya nazi, ndizi, na uji wa pilipili manga. Masufuria makubwa aliazima kwa majirani. Uani mikeka mitano ilitandikwa, na Darweshi alishika birika la kunawisha wageni.

Mzee Sheshe aliadhini. Tangu utotoni Darweshi hakuwahi kuisikia adhana tamu kama ile, na nadhani mzee alijua anawaita watu mara mbili, kwa Mungu na kwa chakula. Walisali. Kisha mzee akatangulia njiani kurudi nyumbani bila kutazama nyuma, kama mwenyeji anavyotakiwa.

Alipofika uani na kugeuka, nyuma yake alikuwapo Mzee Hoza peke yake. Mzee Hoza masikio yake yalikuwa yamekwisha, na ndiyo maana habari hazikumfikia.

"Wengine wako wapi?" aliuliza kwa sauti ya viziwi.

"Wanakuja, mghoshi," alisema Mzee Sheshe, akimwita mzee kwa Kishambaa.

"Eh?"

"Nimesema wanakuja!"

Walingoja. Uji ulianza kufanya utando juu. Mzee Hoza alikula kwa ajili ya watu watatu, akasifu magimbi, akauliza tena wengine wako wapi, na kila alipouliza nyumba za jirani zote zilisikia. Darweshi alisimama na birika lake mpaka mkono ukafa ganzi. Angetamani mbu elfu kuliko kumtazama baba yake akiinyoosha ile mikeka isiyokunjamana.

Hatimaye ukasikika mlango wa ua. Mwanaidi akainuka haraka, akajifuta mikono. Alikuwa Mwajuma.

"Karibu, Mama Balozi, karibu futari!"

"Ahsante, nimekwisha kufuturu," alisema Mwajuma, akichungulia jikoni. "Nilifuata sufuria yangu."

"Lakini bado ina maharage."

"Mimi sina haraka," alisema Mwajuma, akakaa kwenye kinu. "Nitasubiri."

Mwanaidi akaingia jikoni. Aliyamimina maharage kwenye beseni la kuogeshea mtoto, akaisugua sufuria mpaka ikang'aa, akamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili. Baada ya Mwajuma kuondoka alijifunika khanga usoni akalia, na Amina naye akalia. Mzee Hoza, akiona hayo, aliuliza kama kuna msiba.

* * *

Bi Secilia aliipokea habari ya katazo la baba bila kukasirika, na hilo lilimtia Darweshi hofu zaidi.

"Leo ni siku ya pili hawajala," alisema. "Wiki nzima baridi imewachelewesha kutaga, na sasa hata damu hawana. Maji ya sukari yanawaweka hai tu, hayawatagishi. Na mbu hana maisha marefu. Dakta anarudi kutoka Muheza Jumamosi. Asipokuta mayai, hatutajua kama ni baridi iliyowazuia au ni baba yako. Kazi ya mwaka mzima itakuwa imekufa, na mimi nitalazimika kusema kwa nini."

"Utasema sikufaa."

"Nitasema ulikuja, na ukaacha kuja. Watu wa chuo watajua wenyewe la kuandika."

Darweshi aliteremka mpaka kwa Shehe Rajabu mbio mbio, akamkuta baba yake na Balozi wamefika kabla yake. Shehe Rajabu alikuwa mtu mpole, mwenye elimu, na mwoga wa kukosea. Alisikiliza pande zote akichezea ndevu.

"Kupigwa chuku hakufunguzi," alisema mwishowe. "Hilo limeandikwa. Mtu akitolewa damu kwa pembe, funga yake ipo."

"Alhamdulillah!" alisema Darweshi.

"Lakini pembe siyo mbu. Pembe haina tumbo. Jambo hili ni la kuona kwa macho."

Basi Ijumaa asubuhi msafara ulipanda maabara. Mbele alikwenda Shehe, akifuatwa na Balozi aliyevaa shati lake la mikutano, kisha Mzee Sheshe, kimya. Nyuma kabisa alikuja Mwanaidi na mtoto mgongoni. Hakuna aliyemwalika. Alisema anataka kuwaona waliomfanya alie.

Bi Secilia aliwapokea vizuri, akawapangusia miguu yao udongo kwa macho tu. Chumba cha nyuma kikajaa watu. Shehe aliinamia kizimba, kofia ikigusa chandarua.

"Hawa wote wanauma?"

"Majike tu, Shehe," alisema Darweshi. "Madume yanakunywa maji matamu ya maua."

"Hata kwa mbu kazi ni ya wanawake," alisema Mwanaidi kutoka mlangoni. Wazee hawakusikia, au walijifanya.

Balozi alikohoa. "Azimio liko wazi. Mnyonyaji ni mnyonyaji, awe na miguu miwili au sita. Mimi nauliza: huyu kijana wa Taifa ananyonywa kwa faida ya nani?"

"Na mimi nauliza," alisema Mzee Sheshe, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Darweshi, ile hadubini. Ukimaliza kulisha hawa, ndipo unapotazama kwenye hadubini. Sivyo?"

Kila mtu alimgeukia. Darweshi aliona njia ya kutokea, pana kabisa, na baba yake ndiye aliyemfungulia. Angesema "ndiyo", na mzee angeweza kurudi Kwembuzi na kitu mkononi.

"Sivyo, baba," alisema. "Hadubini sijaigusa. Yule mbu mwenye manyoya nilimwona katika kitabu. Kazi yangu ni hii tu. Naingiza mkono, wanakula, nautoa. Nilikudanganya kwa sababu ulikuwa umefurahi."

Mzee Sheshe alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Darweshi alihisi aibu ikimwasha kuliko mkono.

"Lakini kazi hii ni ya faida yetu, Ndugu Balozi," aliendelea, akiwa hana tena cha kupoteza. "Mbu hawa wakitaga hapa kwenye baridi, basi iko siku watapanda wenyewe, na watoto wetu hawajazoea malaria. Wasipotaga, tulale usingizi. Hakuna njia ya kujua ila kuwalisha, na wakikosa leo, kesho hawana faida tena. Wanangoja."

Ukasikika mlio wa kizimbani, mwembamba, wa wenye njaa.

"Maneno ni mazito," alisema Shehe Rajabu. "Mimi sikatazi. Lakini siruhusu pia. Nipeni siku chache nimwandikie Shehe wa Tanga."

"Kweli kabisa," alisema Balozi. "Na mimi nitaandika wilayani."

"Siku chache!" alisema Bi Secilia, akakaa kwenye stuli.

Ndipo Mwanaidi alipopita katikati ya wazee. Alifungua mbeleko, akamshusha Amina, akamtia mikononi mwa mumewe mbele ya Shehe na mbele ya Balozi. Muadhini wa Kwembuzi akabaki amemshika mtoto kwa mbali, kama mtu aliyepewa kuku anayenya.

"Mama Darweshi, nini hiki?"

"Mimi sijafunga," alisema Mwanaidi. "Nanyonyesha, nitalipa baadaye. Au na mimi niandikiwe Tanga?"

Shehe Rajabu alisogea kando akampisha.

Mwanaidi alikunja mkono wa gauni. "Mama Secilia, naingizia wapi?"

"Mama, usifanye!" alisema Darweshi. "Wanauma!"

"Nimenyonyesha watoto sita, na wewe ulikuwa na meno," alisema Mwanaidi. "Hawa watanifanya nini?"

Akaingiza mkono. Mbu wakamjia kwa pupa, maana mwenye njaa hana miiko. Wanaume wote wanne walirudi nyuma hatua moja. Mwanaidi alisimama ametulia, anatazama, na midomo yake ilikuwa inacheza kidogo kama afanyavyo Amina anaponyonya usiku.

"Polepole," aliwaambia. "Kipo cha kutosha."

Bi Secilia alikuwa amesahau kutazama saa. "Usijikune, mama," alisema kwa upole, na Darweshi akatambua kwamba yeye hakuwahi kuambiwa kwa sauti ile.

Amina alianza kulia. Mzee Sheshe alimtikisa, haikusaidia. Alimwimbia kitu kwa kunong'ona, haikusaidia pia. Mwishowe akatumia sauti anayoijua, na mtoto akanyamaza kwa mshangao, na ng'ambo ya pili ya bonde watu waliokuwa shambani wakalitazama jua wajue ni sala gani.

* * *

Dakta Yohane alirudi Jumamosi na mitungi yake, mtu mrefu, mwenye matope mpaka magotini, akakuta watu wa Kwembuzi wamegawanyika pande mbili. Nusu walisema ni mnyonya damu. Nusu, wakiongozwa na Balozi, ambaye alikuwa amepata usiku mzima wa kufikiri, walisema Mama Darweshi ametoa mfano bora wa kujitolea kwa Taifa. Mwajuma alimletea Mwanaidi ile sufuria, ikiwa na maziwa. Mwanaidi aliyapokea, akammiminia paka mbele yake, akamrudishia sufuria kwa mikono miwili.

Jumapili mayai yalionekana. Yalielea juu ya maji ya bakuli, meusi, madogo kama unga wa kahawa. Dakta aliyatazama mpaka macho yakamlenga machozi, maana alikuwa ametumaini kwa moyo wote kwamba hayatakuwapo.

"Kwa hiyo wanaweza," alisema. "Wanaweza kupanda mlima." Kisha akamgeukia Darweshi. "Nasikia hii si kazi yako."

"Si yangu, Dakta. Ni ya mama."

"Mimi nilimwajiri mwana, sikumwajiri mama."

"Najua, Dakta." Darweshi alikuwa amekwisha kufungua kifungo cha kwanza cha koti jeupe. Aliona ni heri alivue mwenyewe kuliko kuvuliwa.

"Basi nitaandika hivyo," alisema Dakta. "Mama ataendelea mpaka kazi iishe, kwa malipo yako. Damu haibadilishwi katikati ya utafiti."

"Na mimi, Dakta?"

Dakta alitazama lile bakuli, halafu akamtazama Bi Secilia. Bi Secilia alikuwa akipanga chupa ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

"Alisema ukweli mbele ya baba yake," alisema Bi Secilia kwa chupa. "Mtu wa kuhesabu mayai anatakiwa awe hivyo."

Dakta alivuta kile kitambaa cheupe. Hadubini ilikuwa ndogo kuliko Darweshi alivyofikiri, na mguu mmoja ulikuwa umepasuka. Alikaa. Alikifunga tena kifungo cha koti, akaanza.

Barua ya Shehe wa Tanga ilikuja Idi ikiwa imepita, na kusema kweli hakuna aliyeifungua mapema. Mambo yalikuwa yameshapangika. Kila asubuhi Mwanaidi alipanda maabara, akampita mwanawe kwenye hadubini, akaingia chumba cha nyuma. Mzee Sheshe alibaki nyumbani na Amina. Watu wakimuuliza msikitini mwanawe anaendeleaje na Serikali, alijibu kwamba mwanawe anahesabu, ila mkewe ndiye mtaalamu.

Siku moja Darweshi aliona kitu kikitikisika katika kile kioo. Yai lilikuwa limefunguka, na kiluwiluwi kilikuwa kikijipinda majini, kichwa kikubwa, mwili kama uzi. Alipiga kelele kama mtoto. Mwanaidi alitoka chumba cha nyuma na mkono uliojaa madoa, hakuukuna, akainama juu ya hadubini. Alifumba jicho la kutazamia, akalifumbua, akafumba la pili, kisha akaona.

Alitazama kwa muda mrefu.

"Kichwa ni cha baba yako," alisema mwishowe. "Damu ni yangu. Haya, msalimie. Ni mdogo wako."

"Mama, mimi niko kazini."

"Darweshi."

Mwanafunzi wa chuo kikuu alitazama mlangoni. Dakta hakuwapo. Bi Secilia alikuwa amegeukia dirisha na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Darweshi aliinama mpaka kope zikagusa kioo.

"Hujambo, mdogo wangu," alisema.